Mkono Usio na Mwenyewe

"Mama Pasi! Umetundikwa ukutani na hata hukutuaga!"

Dereva wa lori alisema hayo akiwa bado hajaingia kibandani. Mama Pasi hakuinua kichwa, maana alikuwa kwenye kola, na kola haitaki mtu wa kugeukageuka. Aliisukuma pasi yake ya mkaa mpaka mwisho wa shingo ya shati, akaiegesha kwenye kigae, akapuliza majivu yaliyotaka kurukia kitambaa, ndipo akamtazama mteja wake.

"Nimetundikwa na nani?"

"Na lile shirika la misaada. Wamegawa kalenda za bure pale yadi kwetu. Jione mwenyewe."

Akaikunjua kalenda juu ya meza, akaibana pembe kwa chupa ya maji ya kunyunyizia. Palikuwa na picha ya mtoto wa kike aliyevaa sare ya shule, ana pengo mbele, macho makubwa yanatazama juu kama anayesubiri kuitwa. Alikuwa Chiriku. Binti yake huyu wa pekee alipewa jina hilo na mtaa mzima kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, lakini kwenye picha alikuwa kimya, kimya ambacho mama yake hajawahi kukiona hata mtoto akiwa na homa.

Na juu ya bega la Chiriku palikuwa na mkono. Mkono mtupu. Ulitokea ukingoni mwa karatasi, umekatwa chini ya kiwiko, hauna mwili wala uso. Mgongoni mwa kiganja kulikuwa na kovu la pembe tatu, ncha yake ikielekea kidole cha kati, kama pasi ndogo iliyolala pale.

Mama Pasi aliutazama mkono wa kwenye karatasi, kisha akautazama wake.

"Si nimekwambia?" dereva akacheka. "Kichwa wamekuachia, mkono wamebeba."

"Na haya maandishi yanasema nini?"

Dereva alikuwa akijua kusoma mabango ya barabarani, si zaidi. Wakamwita muuza dawa wa duka la jirani, mwanamke aliyesoma mpaka chuoni, naye akaja akijifuta mikono. Alisoma mstari ule wa lugha ya kigeni kwa macho, midomo ikicheza.

"Soma basi, jirani."

"Mama Pasi, haya ni maneno ya kalenda tu."

"Yasome hivyohivyo yalivyo."

"Yanasema: 'Hana baba. Hana mama. Ana wewe tu.'"

"Wewe nani?"

"Yule anayeitazama kalenda. Anayetoa msaada."

Mkaa ulilia ndani ya pasi. Dereva, ambaye hakupenda kukaa mahali penye huzuni, akajaribu kupachangamsha. "Basi huo mkono ni wa malaika."

Hakucheka mtu. Dereva akachukua suruali zake, akaondoka bila kuulizia chenji.

*

Jioni ile Mama Pasi aliibandika kalenda kwenye ukuta wa chumba chao, si kwa kuipenda, bali ili mama mkwe wake aione vizuri. Bibi alikuwa amekaa kitandani akimenya vitunguu kwenye sinia. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka lakini ulimi ulikuwa bado kijana.

"Hana baba, hana mama," akarudia baada ya kusomewa. "Na bibi je? Yaani na mimi wameniua?"

"Wewe hawakukutaja, mama."

"Hata kunitaja! Mtu unauawa hata jina lako halisomwi."

Mama Pasi akacheka bila kutaka. Ndivyo walivyoishi tangu mwanaume wa nyumba ile afariki: mkwe na mama mkwe, chumba kimoja, pazia katikati, na Chiriku akiruka pande zote mbili. Shirika ndilo lililompeleka Chiriku katika shule nzuri ya mtaa wa pili, yenye madawati mapya na vyoo vyenye milango. Mama Pasi alikuwa amemshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi kabla ya kuwasha mkaa. Alidhani shirika linajua linamsaidia nani.

Chiriku aliingia akiwa ameuning'iniza mkoba kichwani. "Mama, mama, mama, nimechaguliwa mimi! Wageni wanakuja shirikani. Profesa anatoka kwenye chuo cha akina Bi Asante, yule mgeni aliyetupiga picha, na nani, na nani, na mimi ndiye nitakayewasomea! Mratibu wa shirika kanifundisha mwenyewe. Nisikilizeni!"

Akasimama katikati ya chumba, akafunga mikono nyuma, akatoa maneno ya kigeni yaliyotiririka kama wimbo wa kurukia kamba. Hakukosea hata mahali pamoja. Bibi akapiga makofi kwa kisu na sinia. Mama Pasi naye akapiga makofi, moyo ukimjaa licha ya yale ya ukutani, kwa kuwa hakuna mzazi asiyefurahi kusikia mwanawe akisema kitu ambacho yeye mwenyewe hakiwezi.

"Maana yake nini, mwanangu?"

"Sijui. Mratibu kasema ni salamu." Kisha akaiona kalenda. Akafumba mdomo.

"Umeshaiona?" mama yake akauliza.

Chiriku akachezea kamba ya mkoba. "Iko shuleni. Wananiita Hanamama. 'Hanamama njoo, Hanamama lete chaki.' Nikawaambia mama ninaye, wakasema kalenda imechapishwa, wewe hujachapishwa."

*

Asubuhi Mama Pasi hakuwasha mkaa. Alivaa gauni lake la ibada, akaenda shirikani na kalenda kwapani.

Mlinzi wa getini alikuwa mteja wake. Alimwandikisha, akamwonyesha benchi. Akiwa hapo benchini, watu waliingia na kutoka, waliokuja baada yake wakaitwa kabla yake, na dada wa mapokezi alipita akamwambia kwa upole, "Mama, nguo za wageni zinapokelewa mlango wa nyuma." Mama Pasi akajibu kuwa leo hakuja na nguo. Dada akasema sawa, akaenda, wala hakumwambia mtu.

Mratibu alipotoka hatimaye, alitoka na mikono yote miwili imenyooshwa. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mzaliwa wa mji uleule, na kwa muda waliokaa ofisini kwake alimwita "mama yangu" mara nyingi kuliko Chiriku anavyomwita kutwa nzima.

"Mama yangu, tatizo ni lugha tu. Wewe mwenyewe ulimwambia binti wa watu aliyewapiga picha kwamba mtoto ni yatima."

"Ndiyo. Baba yake amekufa."

"Basi. Kwa lugha yao neno ni hilohilo moja, na anayeitwa hivyo hana baba wala mama. Limeshageuzwa, limeshachapishwa, limeshasafiri."

"Yule binti ni mgeni, simlaumu. Lakini wewe si mgeni. Ulipoliona hukulijua?"

Mratibu akazipanga kalamu zake upya. Alipoongea tena, sauti ilikuwa imeshuka, si ya hasira, ya mtu anayefunga mlango polepole ili usipige kelele.

"Mama yangu, tuongee kama watu wazima. Wanaolipia shule ile wanachukua watoto wasio na mzazi hata mmoja. Ndiyo masharti yao. Mlango ule ulikuwa umefungwa kwa Chiriku. Neno limeteleza kidogo, mlango ukafunguka. Nani ameumia?"

"Mimi nimekufa."

"Karatasini tu."

"Na nikae nimekufa mpaka lini?"

"Mpaka amalize shule." Alilisema kama jambo jema, na pengine kwake lilikuwa jema, alikuwa ameingiza watoto wengi kwa milango ya namna hiyo. "Wageni wanakuja kuweka saini ya makubaliano mapya. Kila mwaka chuo kitatuletea wanafunzi wa kujifunza kazi, na wanafunzi wakija na wafadhili wanafuata. Siku hiyo wewe baki nyumbani. Au ukitaka sana kumwona mwanao, njoo, ukae nyuma. Akiuliza mtu, wewe ni jirani."

Kabla Mama Pasi hajajibu, mlango ukasukumwa kwa goti. Aliingia msichana mrefu mwenye madoadoa ya jua puani, amebeba boksi la kalenda. Mtaani walimwita Bi Asante, maana alishukuru kila kitu: aliwahi kukanyagwa mguu sokoni akasema asante. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha ng'ambo. Chuo chake na shirika vilikuwa vimepatana: shirika lipate mikono ya bure, wanafunzi wapate alama za masomo yao. Nguo zake zilipigwa pasi na Mama Pasi, na yeye ndiye aliyepiga ile picha.

"Oh! Habari za asubuhi, mama. Asante kwa kuja."

Mama Pasi akamtazama. Uso ule haukuwa na hila. Akaamua kuuliza hapohapo, mbele ya mwenye ofisi.

"Binti, mimi ni nani?"

"Wewe ni mama."

"Mama wa nani?"

Msichana akababaika. Darasani kwao walifundishwa kwamba huku kila mwanamke mzima huitwa mama, ni heshima. "Mama... mama tu. Mama Pasi."

"Chiriku ananiitaje?"

"Anakuita mama."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima?"

"Si mama wa heshima, mwanangu," Mama Pasi akasema polepole. Akaweka mkono wenye kovu juu ya tumbo lake. "Hapa. Alikaa hapa."

Boksi likatua mezani. Bi Asante akalitazama tumbo, akautazama mkono, akaitazama kalenda iliyokuwa juu ya boksi. Madoadoa yake yalionekana zaidi kwa jinsi uso ulivyopauka.

"Mama wa... tumbo?"

"Wa tumbo."

Mratibu akaingilia kwa lugha ya kigeni, maneno mengi, ya haraka. Msichana akajibu neno moja. Mratibu akasema mengine, marefu zaidi. Msichana alimsindikiza Mama Pasi mpaka getini akiwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu aje katika mji ule aliagana na mtu bila kusema asante.

*

Jua lilikuwa halijazama Bi Asante alipobisha hodi kwa Mama Pasi. Bibi akamkaribisha kwenye kigoda, akamkagua juu mpaka chini.

"Ndiye huyu aliyeniua?"

"Mama!" Mama Pasi akasema.

"Namwuliza tu. Mtu akijua anayemuua hulala vizuri."

Bi Asante hakuelewa utani wote, ila alielewa kwamba ametaniwa, na machozi yakamtoka palepale. Bibi akashtuka, akamsogezea kikombe cha chai. "Kunywa, kunywa. Nilikuwa nacheka na wewe. Hawa wa siku hizi hawavumilii hata kuuawa kidogo."

Msichana akatoa simu yake. "Nataka mwone picha. Picha yangu, kabla haijakatwa."

Wakainamia wote watatu. Pale ndani ya kioo Mama Pasi alikuwa mzima. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba hikihiki, khanga begani, anacheka kitu alichosema Chiriku, na mkono wake juu ya bega la mtoto ulikuwa na kiwiko, na kiwiko kilikuwa na bega, na bega lilikuwa na mtu.

"Sikukukata mimi," Bi Asante akasema. "Neno nilikosea mimi. Nilikuuliza nani anamlea, ukasema 'mimi ndiye,' nikafikiri wewe ni jirani mwenye moyo. Hilo ni kosa langu. Lakini kukata, Mratibu. Alisema mtoto akiwa peke yake watu wanatoa zaidi. Leo nimemwambia tusimamishe kalenda. Amesema nikumbuke ni nani anayeandika ripoti yangu ya chuo."

Hapo ndipo Chiriku alipoingia, akamwona mgeni, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza hadhira, akasimama katikati ya chumba, akafunga mikono nyuma, akaanza. Maneno yakatiririka. Bibi akanyanyua kisu chake cha vitunguu tayari kupiga makofi.

Lakini Bi Asante alikuwa ameziba mdomo.

"Anasema nini?" Mama Pasi akauliza.

"Tafadhali, mama."

"Binti. Anasema nini mwanangu?"

Ikambidi aseme, akitafuta kila neno kama anayetembea kwenye tope. "Anasema, 'Karibuni. Mimi sina baba. Sina mama. Shirika ndilo mama yangu na baba yangu. Asanteni kwa kunipenda.'"

Chiriku akacheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama mama yake, na kicheko kikafa.

"Mama, sikujua. Wallahi sikujua. Aliniambia ni salamu."

"Najua hukujua." Mama Pasi akamvuta, akamkalisha mapajani ingawa alikuwa mkubwa wa kukalishwa hivyo. "Najua."

Bibi ndiye aliyeongea kwanza, na safari hii hakutania.

"Mkwe wangu, nisikilize. Mimi nimezika mume na mwana. Kufa kwenyewe nakujua. Huku kwa karatasi si kufa. Jana nilikasirika pamoja nawe, leo nafikiri. Mtoto anapata shule ambayo sisi wawili tukipiga pasi mpaka mikono ianguke hatutaiweza. Uwe jirani siku moja. Ukirudi nyumbani, uwe mama."

"Ingekuwa ni mimi tu ningekuwa jirani, mama. Ningekuwa hata mpita njia." Mama Pasi alizungumza kwa utulivu, akizilainisha nywele za Chiriku. "Nilikuwa nimekaa nusu ya kukubali, Mungu ananiona. Tangu ofisini nilikuwa napiga hesabu ya madawati na vyoo. Lakini wao hawataki nife mimi peke yangu. Wanataka mtoto ndiye atangaze msiba. Kwa mdomo wake. Mbele ya watu, na apigiwe makofi."

Bibi akakitazama kisu kilichokuwa mkononi mwake, kile alichokuwa amepigia makofi, akakiweka chini taratibu.

"Binti," Mama Pasi akamgeukia Bi Asante. "Sikuombi unipiganie. Una masomo yako na una wazazi wanaokungoja. Nakuomba kitu kimoja. Siku hiyo nitasema, na sina lugha yao. Nitakachosema ukigeuze kilivyo. Usikitie sukari, usikitie pilipili. Utaweza?"

Msichana akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nitajaribu, mama."

"Usijaribu. Utaweza?"

"Nitaweza."

*

Siku ya wageni Mama Pasi alisali kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akawasha mkaa. Alipiga pasi gauni la Chiriku, akapiga pasi gauni lake la ibada, akarudia kola mara mbili. Kama ni kutoka kaburini, alimwambia bibi, si kwa makunyanzi.

Getini mlinzi aliwapisha Chiriku, halafu akanyoosha rungu mbele ya mama yake, bila kumtazama usoni.

"Nimepewa amri mpya. Mama yake Chiriku asiingie."

"Amri ya Mratibu?"

"Ya Mratibu." Mlinzi akageuka, akaitazama kalenda kubwa iliyobandikwa kwenye kibanda chake, akaitazama kwa muda, kama anaisoma, ingawa lugha ile hakuijua zaidi ya dereva. Mtaa mzima ulishajua imeandikwa nini. "Lakini hapa shirika lenyewe limeandika Chiriku hana mama."

"Ndivyo walivyoandika."

"Sasa mtu niliyekatazwa nisimwingize, hayupo." Akalishusha rungu. "Pita, jirani. Na suruali yangu ya Ijumaa usiisahau."

Uani palikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe, meza yenye maua, na nyuma ya meza bango kubwa la picha ileile, kubwa kiasi kwamba mkono ulikuwa mpana kama mlango. Profesa alikuwa mwanamke mwenye nywele za mvi na viatu vya kutembelea. Karibu naye walikaa watu wa shirika wa ng'ambo, na Mratibu, na Bi Asante aliyewekwa kuwa mkalimani. Mama Pasi akakaa nyuma kabisa, alikoambiwa akae jirani.

Hotuba zilikuwa ndefu. Chai ikamwagwa vikombeni. Kisha Mratibu akamwita mtoto.

Chiriku alisogea mbele ya bango lenye uso wake. Akafunga mikono nyuma. Akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Mratibu akatabasamu, akamnong'oneza neno la kwanza. Chiriku akatikisa kichwa. Akamnong'oneza tena. Ndipo Chiriku, mtoto aliyeshindwa kunyamaza hata kwenye ibada, akakaza midomo mpaka kidevu kikatetemeka, akawatazama wageni wote wale bila kusema hata herufi moja.

Mama Pasi akainuka. Alipita kati ya viti bila haraka, kama anayepita na nguo safi mikononi. Dada wa mapokezi alisema "mama, mama," akimshika upindo, naye akaendelea. Alipofika mbele alisimama upande uleule aliosimama siku ya picha, akaweka mkono wake juu ya bega la mwanawe.

Haikuhitajika lugha. Kovu lilikuwa pale juu ya bango, na kovu lilikuwa pale chini yake. Profesa aliinua macho kwenye bango, akayashusha, akayainua tena. Kikombe chake kikabaki hewani.

"Mimi ni mama yake," Mama Pasi akasema. "Wa tumbo. Baba yake amefariki, hilo ni kweli, na kwa lugha yetu mtoto huyu ni yatima. Lakini mimi nipo. Napiga pasi kibanda cha kona, hata nguo zenu baadhi nimezipiga mimi. Sikuja kugombana na mtu wala kuomba kitu. Shule mliyompa mwanangu nimeishukuru na nitaishukuru. Nimekuja kuuchukua mkono wangu."

Macho yote yakamwendea Bi Asante.

Msichana alisimama. Mratibu alimwambia jambo kwa kona ya mdomo. Bi Asante akaanza kugeuza maneno, sauti ikikwaruza, na Mama Pasi, ambaye hakuelewa hata moja, alikuwa anamtazama kama anavyotazama pasi ya mtu mwingine ikipita juu ya nguo yake: je, inaruka mahali? Haikuruka. Alipofika mwisho msichana alinyoosha mkono wake mwenyewe hewani, akautazama, akaurudisha kifuani. Kisha akaongeza sentensi ambazo Mama Pasi hakuwa amezisema, akijigusa kifua, na baadaye akionyesha ukingo wa bango, pale picha ilipokatiwa.

Profesa akasema maneno mengi, marefu, akimtazama Mama Pasi usoni. Bi Asante akayafupisha.

"Anasema pole sana. Anasema leo hawatasaini."

Chiriku hapo ndipo alipopata sauti. "Mama, nimenyamaza! Umeona nilivyonyamaza?"

"Nimeona, mwanangu. Nimeona."

Mratibu aliwafuata mpaka karibu na geti. Hakumwita mama yangu. "Kwa siku moja umefunga mlango wa watoto wangapi? Na wa kwako wa kwanza."

Mama Pasi akamshika Chiriku mkono, wakatoka. Neno lile lilitembea naye njia nzima, maana halikuwa la uongo lote. Mkononi mwake vidole vya Chiriku vilikuwa vimejikunja kwa nguvu, naye akashikilia hivyohivyo, neno upande mmoja na mtoto upande mwingine, mpaka nyumbani.

*

Shule ile nzuri ilimruhusu Chiriku amalizie muhula. Baada ya hapo nafasi itakwenda kwa mtoto mwingine, wakasema, kwa mujibu wa masharti. Shirika likaletewa Mratibu mpya, na kuhusu makubaliano ya chuo mtaa haukupata habari za uhakika. Wengine walisema yamekufa, wengine walisema yameandikwa upya, kwamba sasa hapigwi mtu picha mpaka asomewe kitakachoandikwa chini yake. Watoto wengine hakufukuzwa hata mmoja. Mama Pasi alipolisikia hili la mwisho, aliweka pasi chini, akafunga macho, akasema na Mungu wake kidogo.

Bi Asante alikuja kuaga akiwa na mfuko mgongoni. Alama zake alikuwa hazijui bado, na alipoulizwa alipandisha mabega. Alileta picha iliyosafishwa kwenye karatasi ngumu, ile nzima. Bibi akaisogeza karibu na macho, akapiga ukelele.

"He! Na huyu aliyelala kule ndani kwenye kiti, mdomo wazi, si mimi? Kumbe kweli na mimi nilikatwa!"

"Samahani, bibi," msichana akasema. "Hii pia nilete nyingine bila mdomo?"

"Iache, iache. Marehemu hachagui picha."

Walipocheka wakaishiwa, msichana akamshika Mama Pasi mikono yote miwili. "Kwaheri, mama."

"Wa heshima au wa tumbo?" Chiriku akadakia.

Bi Asante akafikiri. "Wa heshima," akasema. "Lakini sasa najua tofauti. Asante."

"Haya, kasema!" bibi akashangilia. "Nilikuwa nahofu kapona."

Muhula mpya ulipofunguliwa, Mama Pasi alimpeleka Chiriku kwenye shule ya kawaida ya mtaa, ile yenye ua wa vumbi na madarasa yasiyotosha. Alikuwa ameshaongea na nyumba ya wageni, apokee na mashuka yao. Kazi hiyo ingewasha mkaa alfajiri na kuuzima jioni, na bibi alikwisha kujitolea kunyunyiza maji na kukunja. Wazazi walikuwa wengi, wamejazana kwenye baraza na watoto wao. Mwalimu alikuwa kijana aliyechoka mapema, ana daftari la kuandikisha mkononi. Aliposoma jina la Chiriku alimtazama mtoto kwa sekunde chache, akakunja uso kama anayekumbuka kitu alichokiona ukutani mahali fulani.

"Wewe si ndiye wa ile kalenda?" akauliza, na watu wakageuka. "Mzazi wako nani? Una mzazi hapa?"

Chiriku, kwa maajabu, hakujibu. Aligeuka nyuma tu, akangoja.

Na huko nyuma, juu ya vichwa vya watu, mkono wenye kovu ukanyanyuka.